Shamba Nililolipanda kwa Siku Moja

Mwanangu, nakumbuka siku niliyopanda shamba langu lote, kutoka juu kando ya barabara mpaka chini kwenye majimaji, na jua lilikuwa bado halijazama. Nilisimama pembeni, mikono kiunoni, nikaitazama mistari yangu ilivyonyooka, nikamwambia mke wangu Numbi, "Unaona? Kazi inaisha." Sijawahi kujisifu kiasi kile tangu nizaliwe. Wiki nne baadaye nilikuwa mtu wa kuona haya hata kupita mbele ya shamba hilohilo.

Nakusimulia haya kwa sababu ulikuja juzi, ukakaa hapo ulipokaa sasa, ukaniambia umeachana na kuendesha malori ya mgodi wa Fungurume, umepata ardhi upande wa Sandoa, na unangoja mvua ya kwanza tu upande yote. Ulisema kwa furaha na mimi nikanyamaza. Kunyamaza kwangu hakukuwa kukubali. Nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Najua una simu inayokuambia mvua itanyesha siku gani. Sigombani na simu yako. Ila mwaka jana ilisema mawingu kidogo, na siku ileile mvua ya mawe ikatoboa bati la jikoni kwa mama yako. Siku hizi mvua ikija inakuja kama imetumwa kuvunja, ikiondoka inaondoka wiki nzima bila kuaga. Watu wanasema zamani haikuwa hivi. Zamani ilikuwa afadhali, ni kweli, lakini na zamani nayo ilikuwa na vituko vyake. Sisi wengine ndio tulikuwa hatuvioni.

Mimi sikuzaliwa mkulima. Nilikuwa fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana ya kampuni ya madini, na nilikuwa fundi kweli, si wa kubabaisha. Tulikaa kambi ya Kapata, hapa Kolwezi, nyumba za kampuni zimepangwa safu kwa safu, king'ora cha asubuhi kinatuamsha, cha jioni kinatufungulia. Chakula hakikuwa shauri letu. Kulikuwa na poso: kila familia inapewa gunia lake la unga, samaki wa chumvi, mafuta. Mvua ichelewe, mvua izidi, unga unakuja na bukari, ugali wetu, inapikwa. Kwa hiyo mvua tuliitazama kama mtu anavyotazama mechi ya timu mbili zisizo zake.

Halafu kampuni ikaanguka. Haikuanguka siku moja. Kwanza mshahara ukachelewa, halafu ukawa nusu, halafu poso ikakoma, halafu king'ora nacho kikanyamaza, na hicho ndicho kilichotutisha kuliko vyote. Wanaume wazima tulikuwa tunaamka saa ileile, tunavaa, tunakaa kizingitini. Mwishowe tukachukua majembe. Vijiti vyangu vya kuchomelea vilibaki kwenye kisanduku, na mikono yangu ikajifunza malengelenge upya.

Jirani yetu, ukuta kwa ukuta, alikuwa Tata Kabeya, yaani Baba Kabeya. Tulifanya kazi karakana moja, tulitumia kinyago kimoja cha kuchomelea kwa zamu, tukajuana mpaka harufu ya jasho. Mke wake nilimwita Yaya Ngalula, kwa sababu alinizidi umri na kwa sababu alikuwa dada mkubwa kweli: watoto wetu watatu waliumwa, wakalazwa kwake, wakala kwake. Yaya Ngalula alilima hata wakati wa poso. Alikuwa na shamba mteremkoni, nje ya kambi, alilorithi kwa mama yake. Tulikuwa tunamtania. Nilikuwa namwambia, "Yaya, unga ya kampuni haikutoshi?" Anacheka, anasema, "Inatosha. Minapenda tu kuona kitu inaota."

Poso ilipokoma, yeye ndiye aliyenionyesha ardhi tupu karibu na yake, akanifundisha kushika jembe. Mwaka wa kwanza nilipanda alipopanda, nikapalilia alipopalilia, nikavuna. Basi, nikadhani nimejua kulima.

Sasa hapa, mwanangu, inabidi nikuambie jambo ambalo watu wa umri wangu hawapendi kulisema. Njaa ilipoingia, watu walianza kutafuta wa kulaumu. Ikasemwa kwamba wenye asili ya mkoa wa Kasai ndio waliokula kazi zetu, na kwamba warudi kwao. Waliitwa wadudu, hadharani, na watu waliokuwa wakisali nao. Yaya Ngalula na mumewe walikuwa wa asili hiyo, lakini yeye alizaliwa hapa hapa Kolwezi, Kasai alikuwa hajaiona hata kwa picha. Mwezi wa tatu, mahindi yanakaribia kukauka shambani, vijana walipita nyumba kwa nyumba. Kwa Tata Kabeya walifika mchana. Walitoa vyombo nje, wakavunja madirisha, wakawapa muda wa kufunga mizigo miwili. Mimi nilisimama kwenye mlango wangu. Nilikuwa na mikono, nilikuwa na mdomo, na vijana wengine niliwajua kwa majina ya baba zao. Nilisimama tu. Yaya Ngalula alipita mbele yangu na furushi kichwani, akamwambia Numbi, "Uchunge batoto."

Walipelekwa stesheni ya mjini wakangoje treni ya kwenda Kasai. Treni ilikuwa haiji. Mwezi ukapita, miezi ikapita, watu wakawa wanaishi palepale, chini ya maturubai, kando ya reli.

Shamba la Yaya Ngalula nililivuna mimi. Nilijiambia mahindi nyani watayala, wezi watayavuna, bora nivune mimi niliyemjua. Mpaka hapo si vibaya sana. Yalijaza stoo yetu. Tulikula mpaka mwezi wa tisa, na nikachagua vizuri mahindi makubwa nikaweka mbegu. Stesheni ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu. Sikuenda hata mara moja.

Mwezi wa kumi mvua ikanyesha. Siku tatu mfululizo, mvua ya kutosha, vumbi likalala, kambi nzima ikanukia udongo. Watu wakakimbilia mashambani na mimi nikakimbia mbele yao. Unajua sisi wa kampuni tulizoea kazi ya kupimiwa: bosi anakupimia kipande chako cha siku, ukikimaliza unakwenda nyumbani, na anayemaliza mapema ndiye mwanaume. Kwa hiyo niliona shamba kama kipande nilichopimiwa. Nilifunga kamba kwenye vijiti ili mistari inyooke, nikawapanga watoto, huyu achimbe, huyu adondoshe mbegu, huyu afukie. Numbi alisimama na kikapu, hakuanza. Akasema, "Tata, Yaya Ngalula hakupandaka hivi. Alikuwa anapanda kiloko, kidogo tu, anangoja."

Nikamjibu, "Yaya Ngalula haiko hapa tena."

Numbi aliinama akaanza kupanda. Mbegu ya mwisho iliingia ardhini jua bado linaonekana. Hiyo ndiyo siku niliyosimama na mikono kiunoni.

Mahindi yaliota siku ya sita, mazuri, kijani. Na mvua ikaacha. Siku kumi jua, nikasema ni kawaida. Wiki mbili jua, nikaanza kuamka na kwenda kutazama mawingu, kana kwamba yananingoja mimi. Wiki ya tatu majani yakajikunja, yakawa ya njano, ukiyashika yanalia mkononi kama karatasi. Tulibeba maji kwa ndoo kutoka bondeni, mimi, Numbi na watoto, tukamwagilia mistari minne kati ya sijui mingapi. Wiki ya nne sikuhitaji tena kumwagilia. Shamba lilikuwa na mistari iliyonyooka sana ya majani makavu.

Na stoo ilikuwa tupu. Mbegu sikuwa nayo hata ya kutia kiganjani, nilikuwa nimeitia yote ardhini. Majirani walikuwa wamefanya kama mimi, kwa sababu waliniona nikikimbia wakakimbia. Sokoni waliokuwa na mbegu walishaila. Nilikuwa naziba masufuria ya watu yaliyotoboka, wananipa mihogo, na hiyo ndiyo tuliyokula. Mvua ikirudi bila mbegu, mwaka mzima ujao ningewalisha nini watoto watatu? Niliogopa, mwanangu. Usije ukamwamini mzee anayekuambia hajawahi kuogopa.

Numbi akasema neno moja, "Enda stesheni." Nilikataa siku mbili. Siku ya tatu nikaenda, mikono mitupu.

Yaya Ngalula nilimkuta amekaa juu ya furushi lake chini ya turubai lililochanika. Amekonda. Tata Kabeya alikuwa amelala nyuma yake, amejifunika koti la kazi, anakohoa. Aliponiona akainua kichwa, akasema, "Mwenzangu, karakana inafunguka?" Alikuwa anatania. Nilijaribu kucheka.

Yaya Ngalula akaniita kwa jina, "Ilunga. Unakuya."

"Minakuya, yaya."

"Mahindi yangu iliivaka muzuri?"

"Iliivaka."

"Njo we ulivuna?"

"Njo mi," nikakiri kwamba ni mimi niliyevuna.

"Ni muzuri. Ningesikia mubaya kama ni nyani." Akarekebisha koti la mumewe, halafu akaniangalia usoni. "Na tangu ulivuna mpaka leo, ulikosa hata moja ya kuniletea nichome? Siko na hasira juu ulikula. Niko na hasira juu ulikula na unajua fasi niko, hapa stesheni."

Hakupaza sauti. Watu waliokuwa karibu hata hawakugeuka. Akasema, "Sasa sema kile kinakuleta."

Nikamwambia yote, mvua ya siku tatu, kamba, jua. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja, "Uliingiza mukono mu udongo?"

"Apana."

"Njo ile kosa yako." Akaupigapiga mkono wake kwenye kifundo. Alinieleza kwamba mvua ya kwanza mara nyingi inatuliza vumbi tu, chini ardhi bado kavu. Mtu anachimba kwa vidole, anaingiza mkono mpaka kwenye kifundo. Kama ubaridi wa maji unafika hapo, panda. Kama umeishia kwenye vidole, rudi nyumbani ukanoe jembe. Na hata ukifika kwenye kifundo, usipande yote. Mbegu inagawanywa mafungu matatu, siku kumi kumi kati yake, moja juu, moja katikati, moja chini kwenye majimaji. "Mvula ikikuwa kidogo, utakula ya chini. Ikizidi, utakula ya juu. Kila mwaka kuko kile kitakufa. Fanya kisifwe chote."

Halafu akafungua furushi. Walipopewa muda wa kubeba mizigo miwili, aliacha masufuria akabeba mbegu. Zilikuwa kwenye kitambaa, zimefungwa fundo, kavu kabisa pamoja na mvua zote zilizopita juu ya lile turubai. Alikuwa anazipeleka Kasai. "Kule minaenda," alisema, "siyui hata mvula yake inaanzaka mwezi gani." Akazigawa mbili kwa kiganja, bila kupunja, akanifungia nusu yangu kwenye kitambaa cha kichwa chake. Akasema, "Ikikomaa, leta. Hata kiloko. Usingoje gunia ijae."

Nikaapa nitaleta.

Nilirudi nikafanya alivyosema. Mvua ilirudi mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Nilipiga magoti shambani, nikaingiza mkono, ubaridi ukaishia kwenye vidole, nikarudi nyumbani, na wenzangu wakanicheka. Siku ya nne uliingia mpaka kwenye kifundo, ardhi baridi. Nikapanda fungu la kwanza juu. Siku kumi, la pili. Siku kumi nyingine, la tatu kule chini.

Mwezi wa kwanza mvua ikafanya kinyume cha mwezi wa kumi. Ilinyesha siku tisa bila kupumzika. Choo chetu kiliporomoka, ukuta wa kwa Kabeya uliokuwa umebaki bila madirisha ukapasuka, na fungu langu la chini likazama lote, yanaonekana maji tu na ncha za majani. Siku hizo tisa nilikuwa nachimba mifereji kuokoa fungu la katikati. Nilimfikiria Kabeya na kikohozi chake chini ya lile turubai, nadhani mara mbili au tatu. Nilisema mvua ikikatika nitakwenda. Ilipokatika kulikuwa na choo cha kujenga.

Mwisho wa mwezi wa pili, mahindi ya juu yakawa tayari kuchoma. Numbi akachuma kumi na mawili, ya kwanza kabisa, akayafunga kwenye kitambaa kilekile. "Peleka hizi leo," akasema.

Nikamwambia, "Kumi na mbili? Nilimukulia shamba muzima, nipeleke mahindi kumi na mbili? Atasema nini? Ngoja fungu la pili iive, nipeleke gunia."

"Alikuambia usingoje gunia."

"Minajua kile alisema."

Tuliyachoma tukayala sisi. Yalikuwa matamu, nakumbuka.

Wiki mbili baadaye nilivuna fungu la katikati, nikajaza gunia mpaka halifungiki, nikalifunga kwenye baiskeli, nikasukuma mpaka mjini. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kusema. Nilipofika stesheni, kando ya reli kulikuwa na majivu na vipande vya turubai. Treni ilikuja Jumatatu. Mimi nilifika Alhamisi.

Walibaki watu wachache waliokosa nafasi. Mama mmoja alikuwa akikusanya kuni kwenye mabaki, nikamuuliza kama alimjua Mama Ngalula wa Kapata. Akasema alimjua. Akaniambia bwana yake alifariki kwenye zile siku tisa za mvua, kifua, wakamzika maji yakiwa bado yanaingia kaburini. Halafu akaongeza, bila kunikusudia, "Alikuwa anaulizaka kila siku kama kuko mutu ya Kapata amekuya."

Nilimwachia yule mama gunia lote. Akanishukuru sana, na kila alivyoshukuru nikazidi kuumia. Nililia njiani nikisukuma baiskeli tupu, mtu mzima, mchana, na sikujificha. Mbegu niliifanyia haraka, na mtu nikamchelewesha, wakati ilinipasa kufanya kinyume chake. Yaya Ngalula sikupata habari zake tena mpaka leo. Sijui kama nusu yake iliota huko, wala kama kuna aliyemwonyesha mvua ya kule.

Kwa hiyo, mwanangu, sikiliza, maana sasa ninakuambia wewe. Mvua ya Sandoa hujaijua. Ukifika, kabla ya kufungua mbegu tafuta mwanamke mzima aliyelima pale miaka mingi, umuulize, na usiangalie ametoka kabila gani. Piga magoti uingize mkono ardhini, hata kama simu imesema nini na hata kama wenzako wanakucheka. Usipande yote siku moja, na usipande yote mahali pamoja. Mbegu nyingine ibaki nyumbani, mahali pakavu, mpaka uone mvua imekaa. Chimba mifereji wakati wa jua, kwa sababu wakati wa mafuriko utakuwa unaokoa na huchimbi. Kila mwaka kitu kitakufa, usipoteze nguvu kukasirikia mawingu.

Na majira yakiharibika, watu watakuambia ni kosa la fulani, waliotoka mahali fulani. Utayasikia, nakuhakikishia, hata redioni utayasikia. Siku hiyo usisimame kwenye mlango wako kama nilivyosimama. Na ukiwa na deni kwa mtu aliyekaa kwenye mvua, mpelekee mahindi kumi na mawili. Mpelekee mawili. Nenda siku ileile yalipoiva, hata kama unaona haya. Haya yangu ilikula wiki mbili, na wiki mbili zile ndizo zilizonikosesha kumwona.

Mungu akupe ardhi inayoshika maji na mwaka usiokukatili. Akupe jirani anayekukemea, na masikio ya kumsikia angali yupo. Na ukivuna cha kwanza, kabla hujakionja, akupe miguu ya kukipeleka. Nenda salama, mwanangu, na uniletee habari za mvua ya huko.